Alama ya Gurudumu

Msomaji mpenzi, nataka tuitazame pamoja kazi moja ya sanaa ambayo huenda ukaicheka mara ya kwanza utakapoiona. Usione haya kucheka, kwani mimi nami nilicheka. Kazi yenyewe imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya San Francisco, nchini Marekani. Ni ukanda wa karatasi 20 zilizounganishwa kwa gundi ncha kwa ncha, nao umebandikwa juu ya kitambaa. Urefu wake ni karibu meta 6 na robo tatu, na upana wake haufiki sentimeta 42. Katika ukanda huo hamna sura ya mtu, wala mti, wala mnyama, wala nyumba. Mna alama nyeusi iliyofuata karatasi kwa urefu wake: alama ya mpira wa motokaa. Kwa Kiingereza kazi hiyo inaitwa Automobile Tire Print, nasi twaweza kuiita Chapa ya Mpira wa Motokaa.

Aliyeifanya ni Robert Rauschenberg, Mmarekani aliyezaliwa Port Arthur, katika jimbo la Texas, mwaka 1925, akafariki mwaka 2008. Mwaka 1953 alikuwa kijana asiyetimiza miaka 30, hana mali wala jina kubwa, naye alikuwa na chumba cha kufanyia kazi katika mtaa wa Fulton mjini New York. Rafiki yake John Cage, mtunzi wa muziki, alikuwa na motokaa kuukuu ya Ford, ile namna iliyoitwa Model A, iliyoundwa viwandani tangu mwaka 1927 hata mwaka 1931. Rauschenberg aligundisha karatasi zake, akazitandaza barabarani, akamwaga rangi nyeusi mbele ya gurudumu, akamwomba Cage aendeshe gari moja kwa moja juu ya karatasi zile. Cage akafanya kama alivyoombwa. Rangi ilipokauka, kazi ilikuwa imekwisha.

Bila shaka umekwisha kupata neno la kusema. Utasema: “Dereva yeyote angaliweza kufanya hivyo, hata pasipo kujua. Kila siku malori huchapa alama za namna hiyo katika matope, wala hapana mtu azichukuaye kuzitia makumbushoni.” Neno lako ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Wako watu ambao hulijibu kwa dharau. Husema, “Asiyejua maana haambiwi maana,” kisha wakageuza kisogo. Jibu hilo halitufai. Mithali ile hukata mazungumzo, na kazi ya uhakiki ni kuyaanzisha. Wengine nao hujibu kwa kusema, “Kweli, kila mtu angaliweza, lakini hapana aliyefanya kabla yake.” Hilo nalo ni jibu dhaifu. Yako mambo mengi ambayo hapana aliyeyafanya, na si hasara kwamba hayakufanywa. Upya peke yake si sifa ya kudumu. Jambo lililokuwa jipya mwaka 1953 limekwisha kuwa la zamani, na mshangao wake umepoa kama uji uliosahauliwa mezani. Basi inatupasa kuuliza: mshangao ukiisha kupoa, kumebaki nini katika karatasi ile?

Kabla ya kujibu, fikiri juu ya alama nyingine ambayo ni rahisi kuliko hiyo. Mzee asiyejua kuandika anapotakiwa kutia sahihi katika hati, hutia kidole gumba chake katika wino akakigandamiza juu ya karatasi. Kazi hiyo haihitaji ufundi hata kidogo. Mtoto mchanga aweza kuifanya. Hata hivyo alama ile yaweza kuhamisha shamba kutoka kwa mtu mmoja hata kwa mwingine, na wana wa mzee wakagombana juu yake miaka mingi baada ya kufa kwake. Thamani yake haikutoka katika taabu ya kuifanya. Imetoka katika ushahidi wake: inasema kwamba mtu fulani alikuwapo mahali hapa, na kidole chake kiliigusa karatasi hii. Picha ya mlima iliyochorwa hutuonyesha mfano wa mlima, na mlima wenyewe haukuigusa karatasi. Alama ya kidole ni ya ukoo mwingine: ni kitu chenyewe kilipita hapa, kikaacha habari zake.

Chapa ya mpira wa motokaa ni ya ukoo huo. Gari halikuchorwa pale. Gari lilipita pale. Basi tukiipima kwa kipimo cha taabu, tumetumia mizani isiyo yake, kama mtu apimaye maziwa kwa rula. Yafaa tuipime kwa kipimo cha ushahidi, tuone kama ni shahidi mwema, na kama analolishuhudia lina uzito.

Hapa budi nikupeleke kidogo New York ya siku zile, kwa sababu kazi za sanaa nyingi ni majibu, na jibu halieleweki pasipo kujua swali. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, wachoraji wenye nguvu zaidi mjini humo walikuwa wameacha kuchora sura za vitu. Walitaka mpigo wa brashi wenyewe udhihirishe yaliyomo moyoni mwa mchoraji. Jackson Pollock alikitandaza kitambaa chake sakafuni, akakizunguka huku akimwaga na kudondosha rangi. Willem de Kooning, aliyezaliwa Rotterdam, nchini Uholanzi, alipiga brashi kwa nguvu, akakwaruza, akafuta, akaanza upya. Mwaka 1952 mhakiki Harold Rosenberg aliandika kwamba kwa wachoraji wa namna hiyo kitambaa cha kuchorea kimekuwa uwanja wa kutenda, wala si mahali pa kunakili vitu. Kwa hiyo watazamaji walifunzwa kuutazama mstari wa rangi kama watu watazamavyo machozi au mwandiko wa mpenzi: kila mkunjo ulihesabiwa kuwa habari za nafsi ya aliyeufanya.

Sasa itazame tena karatasi yetu. Rauschenberg ametandaza karatasi chini, kama Pollock alivyotandaza kitambaa. Amemwaga rangi, kama Pollock alivyomwaga. Amepata mstari mrefu mweusi wenye nguvu, ambao mchoraji yeyote wa mji ule angaliuonea fahari. Walakini mstari huo hauna habari za nafsi ya mtu. Hauna hasira, hauna huzuni, hauna mapenzi. Umetoka kiwandani ukiwa na nakshi zake, nao unazirudia nakshi zile zile pasipo kuchoka. Ni kana kwamba kijana huyu alisimama katikati ya baraza la wazee waliokuwa wakisifiana kwa mwandiko wao, akauliza kwa upole: “Je, mna yakini kwamba kila mstari wenye nguvu una moyo nyuma yake?” Swali hilo lilikuwa na uzito siku zile, na lingali na uzito leo, kwa maana sisi wanadamu tu wepesi wa kuona nafsi mahali ambapo hapana ila mashine.

Wala si ajabu kwamba aliyeshika usukani alikuwa John Cage. Mwaka 1952, mjini Woodstock katika jimbo la New York, muziki wa Cage uliwekwa mbele ya watu, na mpiga piano David Tudor akaketi dakika 4 na sekunde 33 pasipo kupiga hata sauti moja. Kilichosikika kilikuwa sauti za mahali penyewe na za watu wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Rauschenberg alikuwa amefanya picha zilizopakwa rangi nyeupe tupu, na Cage alikiri kwamba picha hizo zilimtia moyo. Marafiki hawa wawili walikuwa wakitafuta jambo moja: jinsi msanii awezavyo kuyaondoa mapenzi yake njiani ili vitu vyenyewe vipate kunena. Chapa ya mpira ni tunda la urafiki huo, na ni heri kuitazama hivyo kuliko kuitazama kama mzaha wa mtu mmoja.

Tuisogelee sasa karatasi yenyewe, maana mhakiki anayesimulia habari za msanii na kusahau kazi yake ni kama mgeni asifuye mlango asiingie nyumbani. Jambo la kwanza ni urefu. Kitu cha meta 6 na robo tatu huwezi kukitazama kwa karibu kwa mara moja. Ukitaka kuziona nakshi zake yakupasa kutembea kando yake hatua kwa hatua, na katika kutembea huko macho yako yanafanya safari ile ile iliyofanywa na gurudumu. Picha nyingi humtaka mtazamaji asimame. Hii humtaka aende. Inafanana na gombo, lile andiko refu la kale lililosomwa kwa kukunjuliwa kidogo kidogo.

Jambo la pili ni hesabu, nawe mwanafunzi waweza kuifanya mwenyewe. Gurudumu la motokaa ya namna ile, pamoja na mpira wake, lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 72 hata 76 hivi. Lizidishe hilo kwa 22, ugawe kwa 7, utaona kwamba kwa mzunguko mmoja gurudumu huenda zaidi kidogo ya meta 2 na robo. Basi karatasi zote 20 zilimezwa na mizunguko isiyotimia mitatu. Kwa gari hilo ni safari ya kufumba na kufumbua. Kwa mtazamaji ni safari ya dakika kadhaa. Kitendo kilichopita upesi barabarani kimenyooshwa mbele yetu, nasi tumepewa nafasi ya kukikagua polepole, kama hakimu akaguaye hati.

Jambo la tatu lahusu viungo vya karatasi. Gurudumu halikuijali mipaka ya karatasi moja na nyingine. Lilipita juu ya zote kwa hesabu yake lenyewe. Kwa hiyo hapa pana vipimo viwili vinavyokwenda sambamba: kipimo cha mkono wa mtu, uliogundisha karatasi moja moja kwa subira, na kipimo cha mashine, iliyopita bila kuuliza. Mimi naona kwamba uzuri wa kazi hii, ikiwa inao uzuri, upo katika kukutana kwa vipimo hivyo viwili. Husemwa kwamba hapana mkono katika kazi hii. Lakini mkono upo, nao umejificha katika gundi.

Mtu aliyekulia mashambani hatashangaa kuambiwa kwamba alama ya njiani husomwa. Mchungaji huutazama udongo akajua ng’ombe wangapi walipita, na kama walikwenda kwa haraka. Hata alama ya mpira wa gari yaweza kumdanganya asiyeangalia vizuri, kwa maana mtu avaaye akala, vile viatu vilivyokatwa katika mipira ya magari, huacha vumbini nakshi za gurudumu hali akienda kwa miguu. Msomaji wa alama hujiuliza daima: nani alipita, lini, na kwa shauri gani? Nasi yatupasa kuyauliza hayo mbele ya karatasi ya Rauschenberg. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, udhaifu wake unapoonekana.

Nilisema kwamba kazi hii ni kama alama ya kidole gumba. Sasa lazima niupunguze mfano huo. Kidole gumba hubeba jina lake ndani yake. Mtaalamu akikikagua aweza kumjua mwenyewe. Mpira wa motokaa haubebi jina la John Cage. Siku ile ile mjini New York kulikuwako mipira mingi yenye nakshi kama hizo, na yoyote kati yake ingaliacha alama ambayo wewe na mimi tusingaliweza kuipambanua na hii. Ukiiondoa hadithi, yaani mtaa wa Fulton, marafiki wawili, na rangi iliyomwagwa, yabaki karatasi iliyokanyagwa na gari. Shahidi huyu asema kweli kwamba gari lilipita, lakini hawezi kusema peke yake gari la nani, wala kwa nini. Amehitaji mtu wa kumsemea.

Wahenga walisema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Je, mithali hii yaihukumu kazi yetu? Nimeifikiri sana, nami naona yaihukumu kwa nusu. Mchoro mwema wa de Kooning, ukiutoa katika fremu yake na kuulaza mezani pasipo jina, bado utakushika macho kwa mistari yake. Karatasi ya mpira haina nguvu hiyo. Huitazama mara moja na mbili, na mara ya tatu wajikuta unaitazama hadithi yake. Kwa upande huo ni maskini, wala sitaki kukuficha. Kwa upande wa pili, yako mambo mengi mema ambayo hayajiuzi bila maneno. Pete ya bibi yako huenda ikawa ya shaba tupu, na mgeni hatatoa hata senti kumi kwa ajili yake. Ni hadithi yake inayoifanya kuwa urithi. Mithali ya wahenga ni ya sokoni, nayo ni kweli huko sokoni. Lakini si kila kitu kinachofaa kuhifadhiwa ni bidhaa.

Rauschenberg mwenyewe aliijua nguvu ya hadithi. Mwaka huo huo wa 1953 alikwenda kwa de Kooning akamwomba mchoro mmoja, si kwa kuutundika, bali kwa kuufuta. De Kooning hakupendezwa na shauri hilo, lakini akakubali, akamchagulia kwa makusudi mchoro ambao ungekuwa mgumu kufutika. Rauschenberg aliusugua kwa raba nyingi kwa muda wa majuma, hata ikabaki karatasi yenye vivuli hafifu vya wino na rangi. Rafiki yake mchoraji Jasper Johns akauandikia kibandiko chenye jina la kazi, jina la Rauschenberg na mwaka. Kazi hiyo nayo imo katika makumbusho yale yale ya San Francisco, na zote mbili zilinunuliwa mwaka 1998. Ziweke akilini pamoja: katika moja alama imetiwa pasipo mkono wa mchoraji, katika nyingine mkono wa mchoraji umeondolewa kwa taabu nyingi. Ukipima kwa jasho, ya pili yashinda mbali. Hata hivyo jasho lote lile lilitumika kuondoa kitu, si kukileta. Nadhani sasa waona kwa nini nilikuambia kwamba taabu ni mizani isiyotosha.

Limebaki swali moja ambalo wanafunzi hupenda kuliuliza, nalo ni jema: kazi hii ni ya nani? Cage ndiye aliyeshika usukani. Gari lake ndilo lililochapa. Rauschenberg alimwaga rangi tu. Fikiri juu ya mama asiyejua kuandika, amwambiaye mwanawe wa shule maneno ya kumpelekea mumewe aliye mbali kazini. Mwandiko ni wa mtoto, lakini barua ni ya mama. Kwa mfano huo karatasi ile ni ya Rauschenberg, na mwandiko ni wa Cage. Lakini usiyasahau madaraka ya mwandikaji. Mtoto akibadili neno moja, barua imeharibika. Na Cage angaligeuza usukani kidogo, karatasi zingalichanika, tena leo tusingalikuwa na la kusema. Kwa hiyo ni haki jina lake litajwe kila kazi hii inapotajwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Chapa ya mpira wa motokaa si kazi kubwa kama wasemavyo waipendao kupita kiasi, wala si upuuzi kama nilivyodhani nilipoicheka. Ni swali lililoulizwa vizuri, kwa wakati wake, kwa vitu vichache kabisa: karatasi, rangi, gari na rafiki. Haijifanyi kuwa na moyo isiokuwa nao. Upungufu wake ni kwamba haiwezi kusimama peke yake. Ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni habari zake. Ndiyo maana wenye makumbusho hawakuhifadhi karatasi tu. Wamehifadhi pamoja nayo jina, mwaka, na masimulizi ya jinsi ilivyofanywa. Siku masimulizi hayo yakipotea, karatasi itakuwa imekufa ingawa haijachanika.

Neno hilo la mwisho lakuhusu wewe kuliko unavyodhani. Huenda nyumbani kwenu liko sanduku, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwa: stakabadhi ya kodi ya zamani, barua, picha ya watu ambao majina yao hayakuandikwa nyuma, au hati yenye alama ya kidole gumba. Kwako ni karatasi iliyochakaa. Lakini yuko mtu mmoja, pengine ni nyanya yako au babu yako, anayejua ni nani aliyepita pale, na lini, na kwa shauri gani. Nusu ya kazi imo sandukuni, na nusu ya pili imo kinywani mwake. Mwendee jioni ya leo, umwamkie, uketi, umwombe akusimulie. Nawe uchukue kalamu uandike.